Redio Iliyoacha Kusoma Vifo

Mwezi uliopita nilipanda bajaji kutoka stendi ya Singida kwenda Mwankoko, na dereva alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya kukera. Kijana mmoja alikuwa anapiga kelele humo ndani kuhusu mkeka wa kubeti, timu gani ya Ulaya itaifunga ipi, na mtu aweke nini ili ashinde nini. Nikatupia jicho namba kwenye kioo cha redio nikazitambua. Ni zile zile za utotoni. Nikamuuliza dereva kama hii bado ni redio ya hapa mjini. Akacheka.

"Dada, hawa siku hizi wanatangazia Dar. Hapa wamebakiza mnara na mlinzi. Na mlinzi mwenyewe anasikiliza redio nyingine kwenye simu yake."

Redio ile nimeijua katika sura zake zote. Nimeijua ilipokuwa ya kwaya asubuhi, bei ya alizeti adhuhuri na mawaidha ya sheikh siku ya Ijumaa. Nimeijua ilipogeuka ya muziki tupu, ikatuita sote watu wangu wa nguvu, hata bibi zetu. Baadaye ikawa ya mijadala, watu wazima wakitukanana kuhusu siasa tangu chai ya asubuhi. Sasa ni kamari. Watu wa rika langu wakikutana hubishana ni wakati gani ilikuwa nzuri zaidi, na kila mmoja ana kipindi chake anachokililia. Mimi siingii kwenye ubishi huo. Kwetu nyumbani redio ile ilikuwa na kazi moja iliyotuhusu, kusoma vifo, na kazi hiyo ndiyo waliyoiacha kwanza.

Tulikaa nje kidogo ya mji, mahali ambapo nyumba zinaanza kupishana na mashamba. Redio yetu ilikuwa nyeusi, imefungwa mpira wa baiskeli kiunoni kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea. Betri zikichoka, mama alizitoa asubuhi akazianika juu ya jiwe pamoja na mtama, na kufikia mchana zilikuwa na harufu kali ya sarafu iliyoshikwa sana mkononi. Kisha alizirudisha, akazipigapiga, redio ikakohoa na kuzungumza. Hakuziweka juani ili asikie kwaya. Kwaya aliweza kuimba mwenyewe. Aliziandaa kwa ajili ya saa saba mchana.

Saa saba ulisikika kwanza mlio wa kinanda, mzito, wa polepole. Ukisikika, kijiko cha kupakulia kiliwekwa chini, hata kama ugali ulikuwa bado wa moto na mlenda ndiyo kwanza umeepuliwa. Ulikuwa ukisikika pia kwa jirani, na kwa jirani wa jirani, hadi njia nzima ikawa kinanda. Kisha akaingia mama Felista, mtangazaji. Sauti yake ilikuwa nzuri, tulivu, haina haraka na mtu. Fulani wa kijiji fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani. Habari ziwafikie fulani wa Ikungi, fulani wa Kiomboi, fulani wa Manyoni, popote walipo. Wanaombwa wafike haraka. Marehemu akiwa Mkristo alifunga tangazo kwa maneno ya Kikristo, akiwa Mwislamu kwa ya Kiislamu, na hakuwahi kuchanganya.

Ndivyo watu walivyoitana kwenye misiba wakati ule. Simu za mkononi walikuwa nazo wafanyabiashara na mwalimu mkuu. Ndugu mmoja yuko Mkalama, mwingine yuko machimboni, mwingine hujui hata yuko wapi. Unapeleka tangazo redioni na unajua kwamba kufikia jioni watakuwa wameanza kuingia mmoja mmoja. Msiba usiotangazwa watu waliusema vibaya. Ilionekana kama mmemzika mwenzenu kwa siri.

Mama alikuwa na sababu yake. Baba, Ntandu, alikuwa mrina asali. Kila msimu alikwenda Rungwa, kule mbali, akaingia porini na mwenzake mzee Mpondo kuhudumia mizinga, na miezi ilipita bila sisi kujua kama amekula au ameliwa. Mama hakuificha hofu yake. Nilimsikia akimwambia baba wakati anafunga kamba kwenye baiskeli ya safari: "Mimi sitaki siku moja nije kuoneshwa kichuguu, niambiwe mumeo yumo humo. Ukiugua nijue. Ukifa nijue, nije nikuone uso."

Baba akasema, "Redio si unayo?"

Kwa hiyo mama alisikiliza. Mimi nilisikiliza pia, ila nilikuwa nimeelewa jambo kivyangu. Niliamini kwamba mama Felista ndiye anayeua. Sikuona kwa nini nidhani vinginevyo. Kila aliyetajwa na mama Felista alikuwa amekufa. Hakuna hata mmoja aliyetajwa akaonekana sokoni kesho yake. Nilidhani kuna chumba mjini, ana kikapu cha majina yetu sote, na kila siku anachukua machache. Wale wa popote walipo niliwaonea huruma zaidi, maana niliona hata wakijificha anajua pa kuwapata.

Siku moja tulikutana naye Soko Kuu, anachagua nyanya. Mama alimtambua kwa sauti, alipouliza bei. Akafurahi kupita kiasi, akamwamkia, akamwambia, "Tunakusikia kila siku, mama, bila wewe hatuli." Mama Felista akacheka, mwanamke mnene tu mwenye kanga iliyopauka, kisha akainama kwangu.

"Hujambo, binti? Unaitwa nani?"

Nilifunga mdomo. Nilijificha kwenye gauni la mama nikaubana mdomo hadi meno yakauma.

"Anaitwa Rehema," mama akasema. "Leo kaona haya. Rehema, mwamkie mama mkubwa."

Mama yangu mzazi amenitoa. Na haikutosha, mama Felista akauliza baba wa mtoto anafanya kazi gani, na mama akajibu yote: Ntandu, yuko Rungwa, msimu huu atakaa sana. Mama Felista alitikisa kichwa taratibu kana kwamba anatunza kila neno. Nilitapika njia nzima kurudi nyumbani, mama akasema ni zile karanga mbichi.

Miezi haikupita mingi, kinanda kikanyamaza. Saa saba ilifika, mama akaweka kijiko chini, na badala ya mlio ule ukaingia mdundo wa muziki wa vijana hadi mfuniko wa sufuria ukatetemeka. Kijana mmoja akasema kwa Kiswahili cha Dar kwamba redio imezaliwa upya, imepata mwenye mali mpya, na kuanzia leo hakuna kununa Singida. Mama alizungusha kitufe akidhani amekosea mahali. Alizunguka huko na huko, akarudi pale pale. Yule kijana akajiita Mtoto wa Jiji na kutuuliza kama tuko poa.

"Labda kesho," mama akasema.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo. Ilisemekana mama Felista ameambiwa sauti yake ni ya kizamani, na amerudi kwao Mkalama kulima vitunguu. Ilisemekana wenye mali wamegundua kwamba vifo vinafukuza matangazo ya biashara, maana hakuna anayetaka sabuni yake itajwe baada ya maiti. Wazee walinung'unika. Mama alikosa raha. Saa saba ikifika alikuwa anasimama tu mlangoni, mikono kiunoni, anaitazama barabara ya Itigi kana kwamba kuna mtu atakuja kwa miguu kumwambia.

Mimi nilifurahi. Niseme ukweli, sijawahi kufurahi vile. Nilikwenda shuleni nikawatangazia wenzangu kwamba watu hawatakufa tena, redio imeacha. Mwenzangu mmoja akasema mbona bibi yake amekufa Jumapili. Nikamjibu kwamba bibi yake alikuwa kwenye foleni tangu zamani. Nilikuwa na jibu la kila kitu. Baba yangu alikuwa Rungwa, mzima, na hakuna tena mtu wa kumtaja.

Kipindi kilichochukua nafasi ya vifo kiliitwa cha salamu, ila kilisogezwa hadi alasiri. Watu walipiga simu wakasema wanamsalimia nani, wana ujumbe gani, kisha wakapigiwa wimbo. Mama alianza kukisikiliza kwa kuwa hakukuwa na kingine. Siku moja alikuwa anapepeta mtama uani, pamoja na mama Asha wa jirani na bibi yake Asha, kikongwe aliyekuwa haoni vizuri lakini anasikia kuliko sote. Mtoto wa Jiji akasoma salamu za vijana wa gereji, za dada wa saluni, kisha akasema hivi:

"Kutoka kule Itigi tunaye mzee wetu Mpondo! Anamsalimia shemeji yake, mama Rehema wa Mwankoko. Ujumbe wake: mama Rehema aende Mitundu haraka kwa mumewe, wanamsubiri. Eeh! Mama Rehema, umemisiwa huko! Kimbia mama, mapenzi hayangoji. Chukua ngoma hii!"

Na ngoma ikapigwa. Mama alibaki na ungo mkononi, mdomo wazi. Kisha akaziba uso kwa kanga akacheka, kicheko cha aibu na furaha ambacho sikujua kama anacho. Mama Asha alipiga kigelegele. "Unaitwa, mwenzangu! Mwanaume kakumbuka nyumbani, tena kakuita mbele ya mkoa mzima!" Alimshika mama mkono wakacheza pale uani, mtama ukamwagika, kuku wakaja mbio. Nilicheza nao. Baba alikuwa ameahidi kwamba msimu huu asali ikiwa nyingi atatuita Mitundu tukamsaidie kuchuja, na sasa ametuita. Ametajwa redioni na yuko hai. Niliona nimeshinda.

Bibi yake Asha hakucheza. Wimbo ulipokwisha akauliza, "Kwa nini hakuita mwenyewe?"

"Ntandu na simu, bibi, wapi na wapi," mama akasema, bado anahema. "Mpondo ndiye mjanja wa hayo mambo."

"Zamani wakisema mtu afike haraka..."

"Zamani ilikuwa zamani, bibi. Siku hizi hawasomi hayo."

Kikongwe aliokota punje za mtama zilizokuwa karibu yake, moja moja, akazirudisha kwenye ungo.

Mama hakuondoka kesho yake. Hili nalijua, na yeye alilijua hadi mwisho wa maisha yake. Siku zote alikuwa anasuka twende kilioni, ile mistari michache ya haraka haraka, lakini safari hii alikaa kwenye kigoda cha mama Asha tangu asubuhi hadi jua linaelekea kuzama, akasukwa nywele ndogo ndogo zilizopanda juu. Alikuwa anasema huku kichwa kinavutwa kwamba hawezi kwenda kwa mume na kichwa kama fagio. Alisaga unga. Alikamata jogoo mwekundu, akamfunga miguu. Alitoa kitenge kipya ambacho baba alimnunulia na hakuwahi kukivaa, akakikunja na kukikunjua mara nyingi. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nyumbani kwetu. Nimejaribu kuikumbuka kwa ubaya, nimeshindwa.

Alfajiri iliyofuata tukapanda basi hadi Itigi, na kutoka Itigi tukapata lori linalokwenda Mitundu. Vumbi lilitujaa hadi kwenye kope. Mama alifunika nywele kwa kitambaa, na tulipokaribia akakivua, akanifuta uso kwa mate, akajifuta na wa kwake. Jogoo alikuwa mapajani mwangu. Wanawake wawili waliokuwa nasi kwenye lori waliuliza tunakwenda wapi. Mama akasema anakwenda kwa mumewe, mrina asali anayeitwa Ntandu. Walitazamana. Mmoja akafungua mdomo, mwenzake akamgusa goti, naye akageuka kutazama miti. Kwetu kumwambia mtu msiba wake barabarani ni ukatili. Anaachwa afike.

Mzee Mpondo alikuwa amekaa nje ya nyumba aliyokuwa anafikia, chini, mgongo ukutani. Mama alimwona kwa mbali akampungia mkono. Alikuwa anatabasamu. Naona hadi leo jinsi alivyokuwa anatembea, mzigo wa unga kichwani, shingo imenyooka ili nywele zionekane. Mzee Mpondo alisimama kwa shida. Alimtazama mama kuanzia kichwani hadi kwenye kitenge, na uso wake ukavunjika.

"Shemeji," akasema. "Kwani hukuelewa?"

Mama alisimama. Mimi ndiye niliyesema shikamoo, na mzee hakuitikia.

Alituambia tukiwa tumesimama vile vile. Baba alikuwa juu ya mti, kamba ikakatika, akaanguka kwa mgongo. Walimbeba kwa baiskeli kutoka porini, wakisukuma, na akafia njiani kabla hawajafika Mitundu. Mzee Mpondo akapanda lori la mbao hadi Itigi kutafuta simu.

"Nikamwambia yule kijana nina tangazo la kifo. Akasema mzee, hayo hatusomi siku hizi, hapa ni burudani. Nikamwomba sana, shemeji. Akasema labda kama una salamu, nitakuingiza. Basi nikasema bora salamu kuliko kimya. Nikajua mtu mzima akiitwa haraka kwa mumewe, na anayemwita si mumewe, ataelewa. Miaka yote ndivyo tulivyoitana."

"Walinipigia wimbo," mama akasema.

"Wimbo gani?"

"Nilicheza, Mpondo."

Mzee alifunika macho kwa kiganja. Akasema walimsubiri. Hapakuwa na chumba cha baridi, na joto lilikuwa kali. Walimfukizia, wakamfunika majani, wakasubiri siku nzima ya jana wakitazama kila lori. Jioni ikabidi.

Jana. Mama alipeleka mkono kichwani polepole, akagusa zile nywele. Kisha akaanza kuzifumua pale pale, kwa nguvu, hafungui bali anang'oa, na wanawake wa nyumba ile wakatoka mbio wakamshika mikono. Walimkalisha, wakazifumua wao, watatu kwa pamoja. Kazi ya kutwa nzima iliisha kwa muda mfupi sana. Jogoo alikuwa ameniponyoka, anatembea na kamba yake.

Tulioneshwa kaburi. Lilikuwa lundo la udongo mwekundu, limezungushiwa mawe, na mama alilala juu yake kifudifudi. Mimi nilisimama pembeni nikiwa mkavu. Sikulia. Niliwaonea huruma wote, hasa mama, kwa kudanganywa na udongo. Baba hajasomwa. Redio ilisema anamsubiri mke wake Mitundu. Kama hayupo hapa basi amerudi porini, na kwa kuwa hakuna wa kumsoma, atatoka siku moja na debe lake la asali. Nilijua jambo hilo kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena kwa jambo lolote.

Tuliporudi Singida mama hakwenda nyumbani. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja kwenye jengo la redio, na vumbi letu, na nywele zake zimesimama. Mapokezini alikuwapo kijana mwembamba mwenye shati jeupe. Mama akamwambia anataka kutangaza kifo cha mumewe. Mumewe amezikwa bila ndugu hata mmoja, hajui kama kaka wa marehemu yuko hai kule Ikungi, hajui dada yake amehamia wapi, na hatamwekea matanga kwa siri kama mtu aliyeiba.

"Pole sana, mama," kijana akasema, na nadhani alimaanisha. "Si mimi. Ni uongozi. Misiba imeondolewa kabisa."

"Salamu mnasoma?"

"Salamu tunasoma. Piga simu tu, kipindi kinaanza sasa hivi."

Karibu na soko kulikuwa na kibanda cha simu, na mwenye kibanda alikuwa amefungulia redio hiyo hiyo. Mama alipiga, ikawa imeshikwa. Akapiga tena, na tena, hadi mwenye kibanda akaanza kutuangalia vibaya. Nami nilikaa kwenye benchi nikisikiliza dada wa saluni wakisalimiana. Kisha sauti ya Mtoto wa Jiji ikatoka mahali pawili kwa wakati mmoja, redioni na sikioni kwa mama.

"Halooo! Uko hewani, naongea na nani?"

"Naongea mama Rehema wa Mwankoko."

"Mama Rehema! Si ndiye wewe tuliyekuita juzi? Vipi, ulifika kwa mzee? Alikupokeaje?"

Mwenye kibanda akapunguza sauti ya redio. Nikaona kifua cha mama kinapanda, nikajua anachotaka kufanya, nikaruka kutoka kwenye benchi. Nilimvuta kanga. Nikapanda kwenye kigoda nikamziba mdomo kwa mikono yangu miwili, nikimwambia asiseme, mama usiseme, usimtaje. Aliishika mikono yangu yote miwili kwa mkono mmoja, akaishusha, akaibana kifuani kwake.

"Mama Rehema wa Mwankoko," akasema, na sauti yake haikuwa ya kwake, ilikuwa tulivu, haina haraka na mtu, "anasikitika kutangaza kifo cha mume wake, Ntandu, kilichotokea njiani kutoka Rungwa. Amezikwa Mitundu. Habari ziwafikie kaka yake, mzee Nkuwi wa Ikungi. Dada yake Mariamu, aliyekuwa Kiomboi. Wajomba zake wote wa Mkalama. Warina asali wenzake, popote walipo. Msiba uko nyumbani kwake, Mwankoko. Mnaombwa mfike."

Sijui kwa nini yule kijana hakukata simu. Alikuwa na uwezo huo, kidole chake kilikuwa pale pale. Tulimsikia anapumua. Aliposema tena, Kiswahili chote cha Dar kilikuwa kimemtoka.

"Mama, samahani. Mimi sikujua. Pole sana." Kisha, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine alichofundishwa kusema: "Nikupigie wimbo gani?"

"Usipige wimbo," mama akasema. "Nyamaza kidogo tu, mwanangu."

Akanyamaza. Redio ya kibandani ikawa kimya, na ya duka la pembeni ikawa kimya, na fundi cherehani aliyekuwa ng'ambo ya barabara akainua mguu kwenye kanyagio. Baadaye likaingia tangazo la sabuni. Mama akamrudishia mwenye kibanda mkonga wa simu, naye mwenye kibanda akasema pole, nenda tu.

Tulitembea hadi nyumbani. Sikutaka kushikwa mkono. Mama Asha alikuwa ameshafagia uani, mikeka imetandikwa, na bibi yake amekaa karibu na mlango miguu ameinyoosha, anatokwa na machozi kwenye yale macho yasiyoona vizuri. Wanawake walimpokea mama. Watu waliendelea kuingia, wengine sikuwajua kabisa, wenye majembe mabegani, wenye vikapu vya sokoni, wamekuja walivyo. Jua lilikuwa halijazama pikipiki iliposimama barabarani, akashuka mtu mrefu mwenye mabega ya baba. Alikuwa baba mkubwa Nkuwi, kutoka Ikungi.

Nilimkimbilia nikamkuta kabla hajafika kwenye mikeka. Nilimwambia haraka haraka kwamba si kweli. Aliyesoma ni mama tu, si mama Felista, kwa hiyo haihesabiki, na yeye ni mtu mkubwa awaambie hawa watu waondoke. Baba mkubwa aliniwekea mkono kichwani. Akamtazama mama, juu ya kichwa changu.

"Tumesikia, shemeji," akasema. "Wote tumesikia."

Ndipo mama akakaa chini.